Kitambaa Chekundu Kwenye Kiroba

Wadogo zangu, mmenitumia ujumbe mara tatu mkiniuliza kazi ya ukaguzi wa dagaa mliyoirithi kwangu ikoje, na mara tatu nimeandika jibu nikalifuta. La kwanza lilikuwa refu mno. La pili lilikuwa na maneno makubwa ambayo hata mimi siyatumii. La tatu lilikuwa zuri, na ndiyo sababu nililifuta, maana lilinionyesha kama mtu aliyeijua kazi yake. Hili ni la nne. Nimejiwekea sharti kwamba nikimaliza silisomi tena. Mkikuta kosa, liacheni hapo hapo lilipo.

Nina miaka thelathini na sita. Najua mstaafu huwa na mvi na kiinua mgongo. Mimi mvi sina, na hicho kingine sikupewa. Lakini nimefanya kazi moja kwa miaka kumi na mmoja, nimeiacha, na sitairudia, kwa hiyo nadhani naruhusiwa kujiita mstaafu. Bado naamka mapema kama mtu anayekimbilia gari. Nachemsha chai, nakaa barazani kwangu hapa Ujiji, halafu nakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri popote.

Kampuni yetu ilikuwa Katonga, hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki. Tulinunua dagaa kwa akina mama wanaokausha ufukweni, tukawachambua, tukawafunga kwenye pakiti ndogo zenye picha ya ziwa, zikaenda miji ya mbali. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni mwa ghala na kusema ndiyo au hapana kwa kila kiroba. Ndiyo, kinaingia. Hapana, nakifunga mdomo kwa kipande cha kitambaa chekundu, kinawekwa upande wa kushoto. Vitambaa hivyo nilivikata kwenye khanga kuukuu za marehemu mama yangu, nyekundu zenye maua meupe pembeni. Kampuni ilikuwa na karatasi za kubandika, lakini kwenye unyevu zinabanduka, na mimi sipendi kitu kinachobanduka.

Sikusomea. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hadi leo nikiulizwa nabadilisha mazungumzo. Niliajiriwa kufagia ghala. Mkaguzi aliyekuwepo alipoolewa akahamia Tabora, meneja alisimama kati yetu akauliza nani anaweza kujaza fomu bila kukosea. Nikanyoosha mkono, ufagio ukiwa kwenye mkono wa pili. Ndiyo ulikuwa usaili wangu. Tangu siku hiyo niliishi nikiogopa kwamba asubuhi moja atakuja mtu mwenye miwani aniulize, cheti chako kiko wapi. Hofu hiyo ilinifanya niwe mkaguzi mzuri. Na ndiyo iliyoniharibu, kama mtakavyoona.

Siku yangu ya kwanza nilivaa glavu nyeupe. Nilikuwa nimeona kwenye video ya simu mkaguzi wa samaki wa nchi nyingine amezivaa, nikaona hapo ndipo elimu ilipo. Nilipita katikati ya vichanja, zile meza za wavu wanazoanikia dagaa, nimeinua mikono kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji. Mama mmoja akaacha kugeuza dagaa wake akanitazama kutoka juu hadi chini.

“Mwana wanje, umekuja kukagua dagaa au kuosha maiti?”

Ufukwe wote ulicheka. Hata wapakuaji waliokuwa ndani ya maji hadi magotini walicheka. Nilitaka ardhi inimeze. Yule mama aliponiona naficha mikono mgongoni akaniita kando, akanivua glavu moja yeye mwenyewe, taratibu, kama anayemvua mtoto soksi.

“Kidole ndicho kinachosikia,” alisema. “Ukikivalisha nguo kitasikia nini?”

Huyo ndiye Bi Kandida, mwalimu wangu wa pekee. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na “mwana wanje” kwa Kirundi chao ni “mwanangu.” Alikulia hapa, akaolewa hapa, akamzika mumewe hapa, lakini wapo waliomwita “mama wa kambini,” ingawa kambini hakuwahi kulala hata siku moja. Yeye aliitikia tu, kana kwamba ni jina alilopewa na bibi yake.

Alichonifundisha nawapa chote, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichonacho ambacho nina hakika nacho. Dagaa aliyekauka ukimkunja shingoni anavunjika na kutoa mlio mdogo. Akipinda bila mlio bado ana maji, na huyo ndiye atakayewaozesha wenzake njiani. Mchanga hauonekani kwa macho. Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo, kisha tazama chini ya glasi. Kwa ukungu, usiangalie juu ya kiroba. “Juu kila mtu anapanga wazuri,” aliniambia. “Hata mimi napanga.” Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko, toa konzi ya chini kabisa, ifumbe kiganjani, ipulizie pumzi ya moto mara moja, nusa. Dagaa mzima ananuka ziwa. Mwenye ukungu ananuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Mwezi wa mvua msinuse mfululizo zaidi ya viroba kumi, pua inachoka na kuanza kuwadanganya. Nendeni mkanuse nguo zenu wenyewe, halafu mrudi.

Nililipenda somo hilo kuliko alivyotaka mwalimu. Kiroba kimoja nilikikagua mara tatu. Nilirudi ghalani wakati wa chakula kukagua vilivyokwisha kupita. Wabebaji waliacha kuniita Tatu, wakanipa jina, Hadubini. Siku moja nilikifunga kitambaa chekundu kiroba ambacho meneja alikuwa amekitenga mwenyewe ili akipeleke ukweni. Mkwewe akakataa kupokea kitu chenye alama ya ubovu, na meneja akakaa wiki nzima akinisalimia kwa nyusi tu. Wenzangu walilicheka jambo hilo kwa miaka. Mimi nililiweka moyoni kama medali.

Kwangu kulikuwa na aina mbili tu za dagaa, safi na si safi. Punje tatu za mchanga, kitambaa chekundu. Ukungu mpaka chini, kitambaa chekundu. Lishikeni hilo, maana ndilo kosa langu, na lilikaa machoni pangu miaka yote hiyo nikiliona kuwa ndio ubora wangu.

Hata Bi Kandida nilimkatalia. Mwaka mmoja mvua ziligoma kukoma, akina mama wakaanika popote palipopatikana, na kiroba chake kimoja kilikuwa na mchanga kidogo sana, mchanga wa kutafutwa. Nilikifunga kitambaa huku yeye akitazama. Nilitegemea atagomba. Alisema tu, “Umejifunza,” akajitwisha ndoo yake tupu akaondoka. Msimu uliofuata aliacha kukausha. Alisema ni magoti. Akapata kazi ya kupika katika shule moja ya msingi kule Katubuka. Kama kweli yalikuwa magoti, sijui. Sikumuuliza, kwa sababu niliogopa atanijibu.

Baada ya yeye kuondoka, ufukwe ulikuwa na watu wengi na mimi sikuwa na mtu. Nilipofika, mazungumzo yalipungua sauti. Chakula cha mchana nilikula nimekaa juu ya kreti iliyogeuzwa, nyuma ya mizani, nikisoma vipeperushi vya usalama wa chakula nilivyovichapisha kutoka kwenye simu. Nilijiambia kwamba mtu mwenye msimamo hukaa hivyo. Pengine ni kweli. Pengine nilikuwa tu mtu asiyejua kukaa na watu.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kampuni yetu ilikuwa na jambo ililojivunia kuliko pakiti zake. Kila mwezi ilitoa viroba vitano vya dagaa kwa shule ile ile ya Katubuka, kwa ajili ya chakula cha mchana cha watoto. Meneja aliita hiyo “kurudisha kwa jamii.” Palikuwa na bango kubwa la kitambaa lenye maneno LISHE BORA KWA WATOTO WETU, na kijana wetu wa mambo ya jamii, Faraji, ndiye aliyepeleka mzigo na kupiga picha. Faraji alikuwa mtu mwema, mcheshi, anayejua majina ya watoto wa kila mtu. Picha zake zilitundikwa ofisini. Nilipopita hapo asubuhi nilizitazama na kuona fahari. Nilijiona nimo humo, ingawa sikuonekana.

Na vile viroba vya upande wa kushoto, vyenye kitambaa changu? Niliambiwa vinakwenda kwa wafugaji wa kuku. Niliambiwa mara moja, mwaka wangu wa kwanza, na mbebaji aliyekuwa akitafuna muwa. Mimi niliyeingiza mkono mpaka chini ya kila kiroba sikuuliza tena.

Jumatatu moja mshikaji wa bango aliugua, Faraji akaniomba nishike upande mmoja. Tukaenda. Nilishika bango, nikatabasamu nilivyoelekezwa, watoto wakapiga makofi. Baadaye nikazunguka jikoni kumsalimia mwalimu wangu.

“Shikamoo, Bi Kandida.”

“Marahaba, Hadubini.” Na yeye alikuwa na habari za jina hilo. “Umekonda. Huko wanakupa kunusa tu, kula hawakupi?”

Nilicheka. Ilikuwa muda mrefu sijacheka na mtu. Halafu, kwenye msumari kando ya dirisha, nikaona fungu la vitambaa vyekundu. Vimefungwa pamoja vizuri, kama mtu anavyotunza barua. Maua meupe pembeni.

“Hivi umevipata wapi, mama?”

Alinishangaa. “Si wewe unayeniletea? Kila kiroba kina chako. Mara ya kwanza nilipokiona nikasema, eh, Tatu ameniandikia. Ananiambia, mama, hawa si wazima, waangalie vizuri. Basi nawaangalia. Wa mchanga nawaosha maji saba. Wa ukungu nimewachimbia shimo, kule nyuma ya migomba.” Akanishika mkono kwa mkono wake wenye majivu. “Nilikuwa natafuta nafasi ya kukushukuru. Ungenyamaza, watoto wangewala.”

Wadogo zangu, niliposikia hivyo nilitakiwa kusema, mama, sikujua. Maneno mawili. Nilimwona alivyonitazama, mtu pekee aliyenitazama hivyo kwa miaka, na nikasema, “Si kitu, mama.”

Nilipokea shukrani isiyo yangu. Katika yote ninayowaandikia hapa, hilo ndilo linaloniamsha.

Akaendelea, kwa sauti ya kawaida, huku akikoroga sufuria. “Ila wananisema. Viroba vitano vinaingia, watoto wanakula vitatu. Wanasema viwili nawapelekea ndugu zangu Burundi. Ndugu zangu wenyewe siwajui hata kwa picha.”

“Kwa nini hukuwaambia walikuwa na ukungu?”

“Nikisema, watauliza nani alijua. Kitambaa ni chako. Watakufukuza.” Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. “Alhamisi saa kumi kamati ya shule inakaa, juu yangu. Kama unaweza, uje wewe mwenyewe useme neno moja tu, kwamba walikuwa wabovu. Kama huwezi, basi. Mimi ni mtu mzima.”

Nikamwambia nitakuja.

Kwenye gari nilimuuliza Faraji kama anajua anabeba nini.

“Wale wa mchanga,” alisema bila wasiwasi. “Dada Tatu, dagaa wa mchanga wakioshwa si wanaliwa? Kwenu hamjawahi kula dagaa wa mchanga?”

“Na wa ukungu?”

“Wa ukungu si unawatenga wewe?”

“Nawatenga na hao hao. Kwa kitambaa hicho hicho.”

Aliendesha mpaka tulipoliona ziwa. Kisha akasema polepole, “Kwa nini rangi moja?”

Miaka kumi na mmoja, na swali la kwanza la maana juu ya kazi yangu liliulizwa na mtu wa kupiga picha.

Kesho yake nilimwendea meneja. Hakuwa mtu mbaya, na msitegemee kwamba mtakayekutana naye atakuwa na pembe. Alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini.

“Unataka tuache kutoa?” aliuliza. “Watoto wale maharage matupu?”

“Nataka tutoe wanaopita.”

“Wanaopita wanauzwa, Tatu.”

Alisema hivyo kama mtu anayemwonyesha mtoto mlango ulipo. Kisha akasema tutalizungumza mwisho wa mwezi, akachukua kalamu yake. Mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Alhamisi ilikuwa keshokutwa.

Mtu mwingine yeyote angekwenda Katubuka. Mimi niliamua kuandika barua. Nilijiambia kwamba neno la mdomo litapingwa, kwamba kamati itataka maelezo, kwamba mimi bila karatasi ni mfagiaji aliyenyoosha mkono. Nikaandika. Nikaeleza mlio wa shingo, glasi ya maji, pumzi ya moto. Nikaona nimejisifu, nikachana. Nikaandika nikimtetea Bi Kandida, nikaona nimeitukana kampuni, nikachana. Nikaandika tena nikikiri kosa la rangi moja, nikakaa nikiitazama sentensi hiyo kama kidonda cha mtu mwingine. Jumatano jioni nilikuwa na barua ya kurasa mbili, kwa mkono wangu, iliyosema kila kitu. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba.

Alhamisi niliomba ruhusa mapema. Saa nane nilikuwa njiani, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kufika kwa miguu. Lakini mwandiko wangu, kwenye ukurasa wa pili, ulikuwa umepinda kidogo kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nikaona kamati itanidharau. Nikaingia steshenari ichapwe.

Binti wa steshenari alichapa vizuri. Nikaona pembe ya kushoto imekaa ndani mno, nikamwomba arekebishe. Akarekebisha, mstari wa mwisho ukarukia ukurasa wa tatu peke yake. Nikamwomba aurudishe. “Dada, hii ni barua au kadi ya harusi?” aliniuliza. Akaurudisha. Wino ukatoka hafifu. Akabadilisha wino. Umeme ukakatika. Nikakaa kwenye benchi nikisubiri umeme, wadogo zangu, nikiwa na barua yote, kila neno, ndani ya mkoba niliokuwa nimeukumbatia.

Nilifika shuleni saa kumi na mbili kasorobo. Mwalimu mkuu alikuwa akifunga ofisi kwa kufuli. Barua yangu ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina kosa hata moja.

“Kikao kimekwisha, Bi Kandida ameondolewa jikoni,” alisema. Akaniangalia vizuri. “Alikusubiri. Kila mlango ulipogongwa aligeuka. Tulimuuliza ana la kusema, akasema kuna mtu anakuja. Tukasubiri nusu saa. Mwishoni akasema, basi, labda hakuruhusiwa.”

Hata hapo bado alikuwa ananitetea.

Mwalimu mkuu aliisoma barua akiwa amesimama, mwanga ukipungua, akarudia ukurasa wa kwanza. Alivua miwani. Siku ya pili alikwenda mwenyewe nyuma ya migomba na jembe, akachimba, akakuta. Kikao kilichofuata kamati ilimsafisha Bi Kandida jina lake, ikaandika na barua ya kumwomba radhi arudi jikoni. Lakini yeye alikuwa amekwisha kupanda milimani Kalinzi kwa binti yake, na ujumbe aliorudisha ulikuwa mfupi, kwamba amesamehe na kwamba magoti yanamsumbua.

Msidhani mambo yalikaa sawa baada ya hapo. Kampuni ilikasirika, ikasimamisha msaada. Muhula mzima watoto wa Katubuka walikula maharage matupu, kama meneja alivyosema. Mama mmoja alinisimamisha sokoni, mtoto mgongoni. “Wewe ndiye uliyewanyima wanetu dagaa,” alisema. “Si ungewaacha wapeleke, tungeosha wenyewe.” Nilianza kumweleza tofauti ya mchanga na ukungu. Alikuwa ameshaondoka. Faraji alihamishwa kituo kingine, na nilipokutana naye stendi alinisalimia kwa heshima, jinsi mnavyomsalimia mtu msiyetaka kuzungumza naye. Mimi nilipelekwa stoo kuhesabu makreti matupu. Nilikaa miezi mitano, hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenisemesha. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Hiyo niliiandika mara moja tu.

Mlinieleza kwenye ujumbe wenu kwamba siku hizi pale mlangoni mna vitambaa vya rangi mbili, chekundu cha mchanga na cheusi cha ukungu, na kwamba vyeusi vinachomwa mbele ya watu, na shule imeanza tena kupelekewa dagaa waliopita. Mliandika kana kwamba ni jambo la kawaida, utaratibu tu. Nilisoma hapo mara nyingi. Hamkujua nani alianzisha, na mimi sijui. Huenda ni Faraji. Huenda ni meneja mwenyewe. Watu hubadilika wakiwa hawatazamwi.

Kama mnataka niwaambie jambo la kazi, ni hili. Mkishasema hapana, kifuateni kiroba. Mjue kinalala wapi. Kampuni ikitoa msaada, msiangalie bango, nendeni jikoni. Na siku mkiwa na neno la kusema, lisemeni likiwa bado limepinda.

Kwa Bi Kandida nilikwenda, lakini nilichelewa huko pia. Ulipita mwaka mzima nikijiandaa nitasema nini. Nilipanda pikipiki asubuhi, baridi ya juu kule ikanikuta na khanga moja. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, amekaa kwenye kigoda mbele ya chanja, anageuza kahawa. Mikono ile ile, mzunguko ule ule, kama dagaa.

Aliniona, hakusimama. “Karibu. Kaa upande huu, huko kuna moshi.”

Nikakaa. Nilikuwa nimebeba nakala ya barua. Nikamwambia nataka amsikie mwandishi wake akiisoma. Nikamsomea yote, kurasa mbili, hadi pale palipokuwa na mstari uliotaka kuruka. Nilipomaliza nikasema lile nililopaswa kulisema siku ya kwanza. “Na vitambaa, mama, sikuwa nakuandikia. Sikujua wanakwenda kwako. Sikujua wanakwenda kwa mtu yeyote.”

Aligeuza kahawa. Akaokota punje moja mbovu akaitupa nyuma.

“Hilo nililijua,” alisema. “Siku ile kwenye kikao, ulipokosa kuja. Nikasema, aha, kumbe hakuwa ananiandikia.”

“Barua ilikuwa tayari Jumatano, mama. Nilitaka iwe nzuri.”

“Ni nzuri,” alisema. “Ungekuja bila barua.”

Hakusema kwa hasira. Ningepata pa kushika kama angesema kwa hasira. Binti yake akaleta uji, tukanywa, tukazungumza habari za mvua. Aliniuliza kama nimeolewa, nikasema hapana, akasema “oya,” kwa Kirundi chake cha utotoni, kama anayenisaidia kukataa. Niliposimama kuaga, akaingia ndani akatoka na furushi la maharage, akanipa kwa mikono miwili. Mdomo wa furushi ulikuwa umefungwa kwa kitambaa chekundu chenye maua meupe.

“Ya shamba hili,” alisema. “Safari njema, mwana wanje.”

Nilifika Ujiji alasiri. Nikakifungua kitambaa, nikakinyoosha, nikakiweka juu ya meza. Kisha nikachukua ungo, nikayamwaga maharage yote, nikakaa barazani nikayachambua moja moja mpaka la mwisho, kama nilivyozoea. Sikukuta jiwe hata moja, wala harage lililotobolewa. Yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa. Nikabaki na ungo mapajani, nikiona aibu kwamba nimeyakagua.